Muulize Fundi: Karavani inatikisa mkia, mzigo niuweke wapi?

Shikamoo fundi. Mi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Leicester huku Uingereza ila kwetu ni Morogoro. Tumechoka kulipia hoteli kila shule zikifungwa kwa hiyo tumenunua karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, ya mtumba, ekseli moja (ule mhimili wa matairi), na mume wangu akafungisha ile chuma ya kuvutia nyuma ya gari. Safari ya kwanza tukaenda Wales siku tatu tu kujaribu. Tulifika, lakini kwenye motawei kila lori likitupita karavani inaanza kutikisa mkia, inalivuta gari huku na huku, mara moja ikazidi mpaka watoto wakapiga kelele na mi nikasoma dua zote ninazozijua. Mume wangu anasema mbele kumezidi uzito, dawa ni kupeleka vitu vizito nyuma kabisa ya karavani ili gari ipumue. Kaka yangu yeye anasema toeni kila kizito mjaze kwenye buti la gari. Nani yuko sawa? Kwenye kibati cha karavani pameandikwa 1,130 na 1,300. Kitabu cha gari kinasema gari tupu ni kilo 1,550, na kwenye chuma ya kuvutia kuna namba 75. Tunabeba baiskeli tatu za watoto (zinakaa nyuma ya karavani kwenye stendi yake), ile tenti ya pembeni, mitungi miwili ya gesi, maji tunajaza nyumbani kabisa, sufuria, jiko la mkaa na mkaa wake, unga, mchele, kreti za soda. Mwezi wa nane tunataka kwenda Cornwall, ni mbali. Asante.

Fundi anajibu: Marahaba mama, na poleni na hiyo mitikisiko. Kaka yako kakosea kidogo. Mume wako kakosea ile ya kuua watu, umwambie nimesema kwa heshima zote na aendelee kusoma mpaka mwisho.

Kwa kuwa we ni mtu wa Morogoro, utakuwa umewaona jamaa wa mkokoteni pale sokoni wanavyopanga magunia. Hawakusoma fizikia ile lakini angalia, magunia mazito yanawekwa juu ya matairi, siyo nyuma wala siyo mbele, halafu anasogeza kidogo kidogo mpaka akishika mikono ya mkokoteni anasikia unamlalia kiasi. Kiasi tu. Ukipakia sana nyuma mikono inaruka juu na yeye ananing'inia kama nguo kwenye kamba, ukipakia sana mbele anavunjika mabega kabla hajafika hata kona ya kwanza. Sasa karavani ni mkokoteni, gari lako ndo yule jamaa, na ile gololi ya chuma nyuma ya gari ndo mikono yake. Gari likisikia karavani inalilalia kiasi linakuwa na amri juu yake. Likiwa halisikii kitu, au karavani inalinyanyua, hapo mkia ndo unaongoza mbwa.

Ule uzito unaoilalia gololi, mi nauita uzito wa gololi, unatakiwa uwe kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote wa karavani ikiwa imeshapakiwa. Yako ikijaa ni 1,300 kwa hiyo tunazungumzia kilo 65 mpaka 91. Ila subiri, ile namba 75 uliyoiona kwenye chuma ndo mwisho wake, na gari nalo lina namba yake kwenye kitabu, na kichwa cha karavani, pale panapoikamata gololi, kina namba yake pia, sasa kati ya hizo zote ndogo kuliko zote ndo inayoshinda. Kwa hiyo we lenga 70 hivi, usivuke 75. Mafundi wa huko wakilitamka jina la hiyo chuma (towbar) kwa Kiingereza chao mi nasikia kama wanasema toba, na kweli ukiizidishia mzigo utatubu.

Sasa turudi kwa mzee. Anataka vizito viende nyuma. Hizo baiskeli tatu na stendi yake tuseme ni kilo 50, na kwenye karavani ya saizi yenu ukuta wa nyuma unakuwa kama mita 2.5 kutoka kwenye ekseli, na kutoka ekseli mpaka kwenye gololi kama mita 4. Piga hesabu, 50 mara 2.5 gawa kwa 4, unapata kilo 31. Yaani zile baiskeli peke yake zimeinyang'anya gololi kilo 31, karibu nusu ya uzito unaotakiwa ukae pale! Mnashangaa nini karavani ikicheza? Na hapo mzee anataka aongezee vingine huko huko nyuma.

Najua atasema basi tuongeze vizito mbele kabisa ili vibalansi na baiskeli. Hapana, hapo ndo watu wengi wanapotegwa, maana ukipima gololi utakuta 70 safi kabisa na bado karavani inacheza. Umeshabeba mzega? Ndoo mbili za maji, moja kila ncha ya mti, mti begani. Ukitembea umenyooka ni raha tupu, lakini geuka ghafla uone, zile ndoo zinataka kuendelea na safari yao, zinakuzungusha, na kuzisimamisha ni kazi nyingine. Karavani yenye vizito ncha zote mbili ni mzega. Na ubishi wake haupandi kwa umbali tu, unapanda kwa umbali mara umbali, kwa hiyo kitu kile kile cha kilo 50 ukikitoa nusu mita kutoka kwenye ekseli ukakipeleka mita 2.5, umbali umeongezeka mara 5 ila ugumu wa kukituliza kikishaanza kuyumba umeongezeka mara 25. Ndo maana nasema balansi ya mizani peke yake haitoshi, vizito vikae KARIBU na ekseli na vikae CHINI.

Haya, kabla ya kupanga tujue kama vinaingia. Kwenye kibati chako 1,130 ni uzito wa karavani kama ilivyotoka kiwandani, na 1,300 ndo mwisho wa kila kitu, huko Uingereza wanaiandika kwa herufi MTPLM. Tofauti ni kilo 170. Inaonekana nyingi eeh? Tuzile pamoja. Betri ya ndani ya karavani ile ya asidi ni kama kilo 25. Mitungi miwili midogo ya gesi, ile yenye gesi kilo 6, ukijumlisha na chuma chake kila mmoja unakaribia 15, kwa hiyo 30. Kama mtumba wenu una ile mota ya kuisogeza karavani kwa rimoti, na nyingi zinazo siku hizi, hiyo ni 35 hivi. Tenti ya pembeni na nguzo zake 28 hivi. Jumla 118. (Karavani nyingine betri na gesi vimeshahesabiwa kiwandani, nyingine hapana, soma kitabu chake.) Umebakiwa na kilo 52 na hujaweka hata kijiko, hujaweka shuka, nguo za watu watano, sahani, viti vya kukunja, kamba ya umeme, wala zile baiskeli za kilo 50, wala maji. Maji, mama yangu! Lita moja ni kilo moja, pipa lao la kubingirisha la lita 40 ni kilo 40 unazotembeza kutoka Leicester mpaka Cornwall kwenda kuzimwaga kule ambako bomba lipo palepale kambini. Safiri na matanki yote makavu, la maji safi, la maji machafu na la choo. Hiyo ni sheria ya kwanza na haina gharama.

Unga, mchele na soda. Naelewa, sisi bila kubeba jiko zima hatujasafiri, hata mi nikienda mahali siku mbili nabeba kinu. Lakini mchele na soda Cornwall vipo, nunueni huko. Unga wa sembe huo beba maana huwezi kuwa na uhakika, ila weka kwenye gari.

Na hapa naomba nitoke nje ya mada kidogo. Hilo jiko la mkaa lisiingie ndani ya karavani wala ndani ya ile tenti ya pembeni hata mvua inyeshe vipi, na hata kama mmeshamaliza kupika na mnaona moto umekufa. Mkaa unaofifia unaendelea kutoa ile hewa yenye sumu kwa masaa, haina harufu, haina rangi, mnalala hamuamki. Jiko likae nje mpaka asubuhi. Na mnunue kile kialamu cha kugundua hiyo hewa mkifunge ndani.

Tumerudi. Mpangilio uwe hivi: tenti ya pembeni, hiyo ndo kubwa zaidi, kama itakaa kwenye karavani basi ilale sakafuni juu ya ekseli kabisa, itoke pale ukifika. Mi ningeiweka kwenye gari. Vitu vya uzito wa kati, sufuria, makopo, kamba ya umeme, viingie chini ya vitanda karibu na ekseli, na uangalie kushoto na kulia visipishane sana, maana kwenye karavani nyingi jiko na friji tayari viko upande mmoja. Kabati za juu ni za nguo nyepesi, taulo, chipsi na biskuti, basi. Nimewahi kuona mtu kapanga makopo ya maharage kule juu, breki moja tu mlango ukafunguka, maharage yakamwagika mpaka chooni. Televisheni ivueni ukutani muilaze kwenye godoro. Mitungi ya gesi ina kabati lake mbele, hiyo hailali popote pengine, ila kama safari ni ya wiki moja mtungi mmoja unatosha kabisa, ule wa pili mnaubembeleza bure. Baiskeli zitoke nyuma. Kama gari lina keria ya juu inayozimudu ziende huko, ila mjue zitalifanya gari liwe zito juu na upepo wa pembeni utalisumbua, kwa hiyo mwendo upungue tena.

Sasa kaka yako na buti lake. Wazo lake ni zuri kwa nusu, kitu kilicho kwenye gari hakitikisi mkia. Kosa lake ni kudhani gari ni gunia lisilojaa. Fungua mlango wa dereva utafute kibati kwenye nguzo ya mlango, wakati mwingine kiko chini ya boneti, kina namba nne zimepangwa. Ya kwanza ni mwisho wa uzito wa gari na vyote vilivyomo, ya pili ni mwisho wa gari na karavani vikiwa vimefungana, ya tatu ekseli ya mbele, ya nne ekseli ya nyuma. Hukuniandikia hizo namba, kwa mfano tu tuseme ya kwanza ni 2,050. Toa 1,550 zinabaki 500. Mama na watoto watatu tuseme 180 (dereva kwenye vitabu vingi keshahesabiwa ila hakikisha), halafu, na hii ndo watu wanasahau, ule uzito wa gololi wa kilo 75 gari ndo linaubeba, kwa hiyo nao unatolewa hapo hapo. Umebakiwa na 245. Zinatosha kabisa kwa tenti, unga, jiko na mizigo mingine, ila vipakie chini, vikiwa vimegusana na mgongo wa siti ya nyuma, visirundikwe kule mwisho kwenye mlango wa buti. Nitaeleza kwa nini kwenye swali linalofuata.

Swali la kama gari lenyewe linaimudu karavani hukuuliza ila nalijibu. Huko Uingereza mtu anayeanza anashauriwa karavani iliyojaa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Yako 1,300 kwa 1,550 ni asilimia 84. Mmepona hapo. Lakini ikivuka 1,300 kwa huo mzigo mnaobeba, na nina hakika safari ya Wales ilivuka, hesabu yote inaharibika na kibati nacho mmekivunja.

Usikisie, pima. Gololi unaweza kuipima nyumbani kwa mizani ya bafuni: karavani iwe imepakiwa vile vile kama ya safari, mahali tambarare, weka magogo ya kuzuia matairi mbele na nyuma, kata kipande cha mti ambacho kikisimama juu ya mizani kinafika kimo kile kile cha gololi ya gari, shusha kichwa cha karavani juu ya mti, kile kigurudumu cha mbele kiwe hewani, soma. Ikisoma 40 sogeza vitu mbele ya ekseli kidogo kidogo, ikisoma 95 rudisha nyuma kidogo. Kusogeza begi moja sentimita hamsini tu utaona namba inabadilika, watoto wanaupenda huu mchezo. Uzito wote ndo unahitaji mizani ya magari, na halmashauri za huko nyingi zina orodha ya mizani za umma unalipa ada kidogo unapimiwa. Kwetu madereva wakiikaribia mizani ya barabarani wanaanza kutafuta njia ya vumbi, huko we unajipeleka mwenyewe na hela mkononi haha. Jambo moja: ukipima matairi ya karavani tu huku imefungwa kwenye gari, ile ya gololi haimo, iongeze.

Vidogo vidogo. Upepo wa matairi ya karavani uwe ule uliotajwa kwa mzigo kamili, na ya nyuma ya gari pia mpandishe kama kitabu kinavyosema kwa gari lililojaa. Karavani ya mtumba matairi yake yanaweza kuwa na kashata nzuri kabisa lakini yamezeeka kwa kukaa, angalia nyufa pembeni na tarehe iliyochapwa. Na kama kichwa cha karavani kina stebilaiza, ile inayoibana gololi kwa vipande kama brekipedi, gololi isipakwe grisi hata tone, isafishwe ing'ae. Mafundi wetu mkono ni mwepesi kwenye grisi, hapo grisi inaua kazi yote ya stebilaiza.

Mwendo: motawei na zile barabara za njia mbili zenye ukingo katikati ni maili 60 kwa saa, kama kilomita 97, barabara za kawaida 50, na motawei yenye njia tatu au zaidi hamruhusiwi ile ya kulia kabisa. Lori likiwapita, mtasikia upepo unawasukuma kwanza halafu unawavuta, hiyo ni kawaida hata kwa karavani iliyopakiwa vizuri. Ikianza kutikisa mkia, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, tulia. Usikanyage breki kwa nguvu, usiongeze mwendo eti kuinyoosha, usibishane na usukani kwa kuurudisha kila inapovuta maana utachelewa nusu sekunde na utaizidishia. Mwendo ukipungua inatulia yenyewe. Na kama imewahi kufanya hivyo mara moja, kituo kinachofuata ingieni, fungueni, pangeni upya, msisubiri mpaka Cornwall.

Na kurudi mnapima tena! Gesi imeisha, chakula kimeliwa, tenti imelowa mvua na imeongeza kilo zake, kila mtu kachoka anatupa tu vitu popote panapofunguka. Mi mwenyewe nilikula aibu yangu nikirudi, siyo nikienda, nilikuwa nimeiazima karavani ya watu na lile tanki la maji tukalisahau limejaa, liko nyuma ya ekseli, kufika mteremko wa kwanza nikadhani tairi limepasuka. Nikasimama, nikafungua koki, nikakaa pembeni ya barabara dakika ishirini natazama maji yanamwagika huku mke wangu hasemi neno.

Assalaam alaikum fundi. Niko Hamburg, kwetu Mombasa. Navuta karavani na gari la kawaida la kuendesha kwa matairi ya mbele. Uzito wa gololi nimeupima kilo 75 sawasawa kama inavyotakiwa, na buti nimelijaza vizuri ili karavani iwe nyepesi. Lakini gari limeketi nyuma kama mbwa, taa zapiga watu machoni, na kambini kwenye nyasi zenye unyevu matairi ya mbele yazunguka tu hayasogei. Je nifunge springi ngumu nyuma? Na hii stika ya kilomita 100 Ujerumani naipataje?

Fundi: Waalaikum salaam ndugu yangu. Ulipopima kilo 75 ukadhani gari limeongezewa 75. Sivyo. Gololi iko nyuma ya ekseli ya nyuma, tuseme mita 1.1, na kati ya ekseli mbili kuna mita 2.7, kwa hiyo ni ile bembea ya watoto ya ubao, huyu akishuka yule anapanda: 75 ikikandamiza kule nyuma inanyanyua mbele. 75 mara 1.1 gawa kwa 2.7 ni kama 31. Ekseli ya mbele imepungukiwa kilo 31, ya nyuma imebeba 106. Halafu buti lako nalo, tuseme kilo 100 zikiwa wastani wa sentimita 40 nyuma ya ekseli, hizo zinafika nyuma kama 115 na mbele zinanyanyua 15 nyingine. Sasa nyuma una zaidi ya kilo 220 na mbele umepoteza karibu 46, na matairi yako ya mbele ndo yanayovuta na ndo yanayokata kona. Nyasi zimekuambia ukweli mapema, heri nyasi kuliko lami yenye mvua.

Springi ngumu zitanyanyua mkia wa gari lakini namba ya nne kwenye kibati haibadiliki kwa kufunga springi, na uzito uliotoka mbele haziutoi nyuma, utakuwa umeficha tu. Kwanza vitoe vile vizito mwisho wa buti, viweke chini miguuni pa abiria wa nyuma kama siti ziko wazi, au vikandamize na mgongo wa siti. Vingine virudi kwenye karavani juu ya ekseli kama bado una nafasi kwenye kibati chake. Uzito wa gololi usiupunguze hovyo ili gari linyanyuke, hapo ndo utaanza kuandika barua kama ya mama wa Leicester. Ujerumani wenyewe sheria yao inataka gololi ilaliwe na angalau asilimia 4 ya uzito wa tela, ingawa wakifika kilo 25 hawakulazimishi zaidi, lakini hiyo ni chini ya chini, usiishi huko. Taa kuna kigurudumu kwenye dashibodi cha kuzishusha, kigeuze kabla hujaondoka.

Stika: bila hiyo mwisho ni 80 hata motawei. Ili upate 100 gari liwe na breki za ABS, tela likubaliwe kwa mwendo huo, matairi ya tela yawe hayajafika miaka 6 na yawe ya daraja la kilomita 120 kwenda juu, na uzito wa karavani ulingane na wa gari tupu kwa kiwango chao: ikiwa na breki na shokamzoba isizidi asilimia 80 ya gari, ukiongeza stebilaiza unaruhusiwa mpaka sawa kwa sawa, bila shokamzoba ni 30 tu, yaani sahau. Na wanataka uzito wa gololi ukaribie mwisho unaoruhusiwa, kwa hiyo ile 75 yako iache ilivyo.

Fundi habari. Niko Birmingham, leseni yangu ya gari ndogo ya Uingereza nimeipata 2009. Rafiki ananiambia siruhusiwi kuvuta karavani mpaka nifanye mtihani mwingine.

Fundi: Rafiki yako yuko nyuma ya wakati. Waliofaulu kuanzia tarehe 1 Januari 1997 walikuwa wanahitaji mtihani wa ziada kwa matela mazito, lakini tangu 16 Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari inatosha kwa tela la mpaka kilo 3,500. Ila gari lenyewe bado lina mwisho wake wa kuvuta. Leseni ikikuruhusu 3,500 na gari linaruhusu 1,200, ni 1,200.

Fundi vipi, mi niko Iringa, nina pikapu na tela la kujitengenezea lina tanki la lita 1,000, nabeba maji ya kunyweshea bustani. Likijaa linaenda vizuri tu, ila nikibeba nusu, ambayo ni nyepesi, ndo linanisukuma na kunitikisa balaa. Imekaaje hii?

Fundi: Imekaa vizuri kabisa kaka, wala huna mapepo. Tanki likijaa maji hayana pa kwenda. Likiwa nusu una kilo 500 zinazotembea, ukikanyaga breki zote zinakimbilia mbele zinaikandamiza ndoano, ukipanda mlima zinarudi nyuma zinainyanyua, ukikata kona zinakwenda pembeni baada yako, kila mara zimechelewa. Ni mzigo unaojipakia upya kila sekunde. Jaza kabisa au beba tupu, na kama nusu ni lazima tafuta matanki mawili madogo ujaze moja mpaka juu ulikalishe juu ya ekseli, au fundi wa kuchomelea akuwekee ndani vizuizi vyenye matundu ya kupunguza kasi ya maji, ila tanki la plastiki hilo halichomelewi.

Na hilo tela la kujitengenezea lina breki zake? Hujasema na nahisi jibu ni hapana, basi hizo lita 1,000 zinasimamishwa na breki za pikapu peke yake. Kwa maji ya bustani hapo mtaani sawa, polepole. Lakini kama una mpango wa kuteremka nalo mlima Kitonga, usiteremke nalo. Na hata kwa kilima kidogo shusha gia kabla hujaanza kushuka, na ile tabia ya kuweka nyutro kuokoa mafuta ukiwa na tani ya maji nyuma, naomba uiache leo.

Msomaji wa Kigali uliyeuliza kuhusu shokamzoba, nimeipata barua yako. Nipigie picha tairi la nyuma upande wa ndani, siyo wa nje, unitumie kabla ya toleo lijalo.